Nguzo ya Rwegasira

Nyumba ilinuka moshi kabla hawajawasha moto.

Adventina alitua mtungi, akasimama mlangoni akinusa. Udongo wa kuta ulikuwa bado mbichi, alama za vidole vya mumewe zikionekana. Mafiga hayajapangwa. Lakini harufu ilikuwepo: moshi wa miaka mingi, na ndani yake tumbaku.

"Nani amevuta humu?"

"Ni hizi nyasi," Lameki alijibu kutoka juu ya paa. "Zimekaa sana juu ya jiko la watu. Nipe kamba, mama Mushumbusi, mvua hiyo inakuja."

Hakuuliza watu gani. Masika yalikuwa yameanza, maharage hayajapandwa, na maji yalikuwa chini bondeni. Lameki alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi na kikohozi, akakuta kaka zake wamekwisha kugawana kibanja cha baba yao. Walimwachia kipande cha rweya, mbuga tupu ng'ambo ya kijiji cha Izimbya, mahali ambapo ukipiga kelele hakuna jirani wa kusikia. Mbuga ilikuwa imechomwa kiangazi, nyasi mpya hazijafika hata kwenye kifundo cha mguu. Siku nyingine Adventina angejiuliza mumewe amepata wapi nyasi ndefu kavu na nguzo ya kati nyeusi kama chungu. Siku ile alitaka paa tu.

Wakaanza maisha. Lameki alichimba mashimo ya migomba na kubeba samadi kutoka mbali. Adventina alilima, alipika, alifua, na kila asubuhi alitandaza majani mabichi sakafuni kama inavyotakiwa katika nyumba ya Mhaya. Kila mchana aliyakuta yamebonyea chini ya nguzo ya kati, duara, upana wa mtu aliyekunja miguu. Alimlaumu kuku. Kuku walikuwa naye mmoja tu, tena mdogo.

Kisha akamkuta mwanawe Mushumbusi, mtoto wa miaka mitano, amepiga magoti mbele ya nguzo, viganja pamoja.

"Unamwamkia nani?"

"Babu."

"Babu yako yuko Muleba."

"Siyo huyo. Huyu wa hapa. Anasema nitakaa mahali pake, nitaitwa Rwegasira."

Adventina alimwinua kwa mkono mmoja, akamtoa nje mvuani. Lameki aliporudi alimngoja avue koti, ndipo akauliza, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie.

"Nyasi ulizitoa wapi?"

"Kule kwenye mahame. Ule msonge uliobaki."

"Msonge wa nani?"

Lameki alikwaruza tope kwenye jembe. "Mzee Rwegasira. Alikufa mimi mtoto. Hakuacha mtu, mke wangu. Zilikuwa zinaoza bure."

"Zinaachwa zioze! Nyumba ya mtu asiye na mrithi inaachwa ianguke yenyewe, hata wewe unajua. Na nguzo?"

Akainamia jembe.

"Lameki. Na nguzo?"

"Na nguzo. Sisi ni Walutheri, Adventina. Mti ni mti."

"Kamwambie mwanao hivyo."

Baada ya hapo mtoto aliacha ndizi, akaacha uji, mashavu yakabonyea. Alasiri moja Adventina alikuwa anapanda kutoka bondeni na mtungi kichwani, ukungu umeifunika mbuga yote hata nyumba haionekani, akasikia Mushumbusi anacheka, na nyuma ya kicheko hicho kikohozi cha mzee, kikavu, cha taratibu, ambacho si cha Lameki kwa sababu Lameki alikuwa mbele yake shambani amesimama na jembe mkononi akisikiliza vilevile, na wote wawili wakakimbia bila kuitana, wakaingia, wakamkuta mtoto peke yake ameegemea nguzo, amekunja miguu, anatafuna kahawa wakati wao hawakuwa na hata punje moja humo ndani, naye akainua macho polepole akamtazama mama yake kama mkwe anavyomtazama mke wa mwanawe.

"Umechelewa na maji, mwanangu," akasema.

Kesho yake Adventina alimleta Kokubanza, mganga mzee wa Izimbya. Bibi huyo alikataa kuingia. Alisimama kwenye matone ya paa, akanusa.

"Anataka nini?" Adventina alinong'ona. "Mbuzi?"

"Mbuzi alikuwa nao. Hakuwa na mtoto. Nguzo ya marehemu inashikwa na mrithi wake, nanyi mmeishika. Huko aliko anafurahi, anajua amepata mtu."

"Tuirudishe."

"Irudisheni. Lakini haitakwenda peke yake. Mmoja atabaki nayo."

"Nikiing'oa nyumba inaanguka," Lameki alisema. "Nimejenga kwa mikono hii. Sina pengine."

"Ianguke," Adventina alisema, akachukua shoka.

Waliibomoa kwenye mvua, wakilowa, bila kusemezana. Paa lilipolala chini, Lameki aliibeba nguzo begani.

"Mpeleke kwa baba yako."

"Uitue, urudi."

"Haya," alisema. Alikuwa anamtazama mtoto.

Walipofika Muleba, Mushumbusi alikula ndizi mpaka bibi yake akacheka. Usiku alilala kama watoto wengine. Lameki hakuja. Mvua zilipopungua Adventina alimwacha mtoto kwa bibi yake, akarudi mbugani peke yake.

Mahame yalikuwa yamelimwa. Migomba ilikuwa imepunguzwa, mashina yamesafishwa. Msonge ulikuwa umeezekwa upya hadi chini. Lameki alitokea mlangoni, amenenepa kidogo, mikono ina udongo. Alinyoosha kiganja kumzuia.

"Usije karibu," alinong'ona. "Anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala. Twende, baba Mushumbusi. Twende sasa hivi."

Alitikisa kichwa. Ndani ya nyumba, gizani, mtu alisogea kwenye majani.

"Nani huyo, mwanangu?" sauti iliuliza, ya mzee, ya upole. "Ni mama wa yule mtoto?"

Lameki hakugeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilitoka sawasawa, ya mwana kwa baba yake.

"Siye, tata. Ni mpita njia. Huyu hana mtoto."

Kitu ndani kilikuwa kinasikiliza.

Adventina alikaza kitambaa kichwani. Alipaza sauti, kama mgeni anavyouliza kwenye nyumba asiyoijua.

"Samahani, bwana. Njia ya kwenda Nshamba ni hii?"

"Ndiyo hiyo," mumewe alisema. "Nenda tu, mama. Usisimame."