Ghala Lililomeza Mwangwi

Jumanne, tarehe 25 Aprili 1972, ilikuwa siku ya kawaida pale Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika. Dagaa walikuwa wameanikwa, mawese yanachemka, na Léonard Mulamba, fundi wa redio mzaliwa wa Uvira, alikuwa amebeba kinasa sauti chake cha betri akitafuta chumba ambamo ngoma ingenguruma. Sikukuu ya miaka kumi ya Uhuru ilikuwa inakaribia, naye alitaka ngoma ya shemeji yake, Uledi Feruzi, isikike kwenye vipaza sauti kama radi.

Walianza katika stoo ya chumvi, chumba cha hatua nne kwa tatu. Uledi akapiga mapigo saba. Sauti ikatoka kavu, fupi. Wakahamia darasani, huko kila pigo likaacha mkia kidogo. Mwisho wakaingia ghala la mawese, lililokuwa tupu tangu mapipa yapelekwe Bujumbura: kuta za mawe, bati juu, mlango wa chuma. Uledi alipopiga, mwangwi ulizunguka hadi vumbi likadondoka.

"Hii ndiyo, shemeji! Hata wafu wa Nyanza-Lac wamesikia!" Uledi akacheka.

Lakini waliporudisha utepe, mapigo ya ghalani yalikuwa yamekufa. Makavu kuliko ya stoo.

"Mashine yako iko na nta mu masikio."

Mulamba hakucheka. Aliwahi kunasa kwaya ya Noeli kule Uvira, akajifunza jambo moja: kanisa tupu hurudisha sauti, kanisa lililojaa huimeza. Nguo na miili ya watu hunywa mwangwi. Akaongeza sauti, akabana sikio kwenye spika. Kati ya pigo na pigo palikuwa na pumzi. Pumzi nyingi, zimebanana. Na baada ya pigo la saba mtu alikohoa: mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Alikijua kikohozi kile. Mkewe Sikujua, dada yake Uledi, alikipata kwa miaka mingi ya kubanika samaki katika moshi. Lakini siku ile Sikujua hakuwamo ghalani.

Hakumwambia mtu.

Jumamosi mapanga yakaingia mjini. Watu walikatwa mbele ya milango yao. Athumani, fundi cherehani, alikimbia hatua sita akiwa ameshika utumbo wake mwenyewe, akaanguka. Waliobaki wakakimbilia ghalani, kwa ajili ya ule mlango wa chuma. Uledi alikuwa amemshika dada yake mkono.

"Usimuingize," Mulamba akanong'ona. "Mule mumejaa."

"Mumejaa nini? Nafasi iko, shemeji! Ingia!"

Mulamba aliinua kinasa sauti kwa mikono miwili, akakishusha juu ya vidole vya Uledi. Mifupa ikalia. Mkono ukaachia. Uledi alimtazama dada yake mara moja tu. Umati ukamsukuma ndani, mlango ukafungwa.

Mume na mke walijificha katika matete, maji ya ziwa shingoni, mashine juu ya kichwa. Mulamba alimziba mkewe mdomo asikohoe. Wakasikia gogo likigonga chuma. Mapigo saba. Mlango ukaanguka.

Kisha mayowe. Hayakuwa na mwangwi. Yalikatika moja moja, makavu.

Mtumbwi uliwavusha hadi Baraka, upande wa Kongo, na huko wakakaa. Miaka miwili baadaye, asubuhi ya jua kali, Mulamba aliucheza utepe ule kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sikujua alikuwa uani akisonga bugali. Mapigo yalikuwa yale yale. Pumzi zilikuwapo. Lakini baada ya pigo la saba hakuna aliyekohoa. Palikuwa na kimya tu, chenye upana wa mtu mmoja. Kisha, karibu kabisa na spika, sauti ya Uledi:

"Dada. Nafasi iko."

Mulamba akazima. Lakini uani Sikujua alikuwa ameshaitika.

"Abee, kaka. Ninakuja."

Mwiko ulikutwa umesimama katikati ya bugali, ambao bado ulikuwa unafuka moshi. Mlango wa ua ulikuwa umefungwa kwa ndani. Walimtafuta siku tatu, mpaka chini ya maji.

Siku ya nne Mulamba akarudisha utepe mwanzo, akahesabu. Tano. Sita. Saba.

Mara mbili fupi. Mara moja ndefu.