Bustani Ndani ya Miwani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema msije mkapata taabu ya kumtafuta.

Mke wangu ni fundi cherehani. Mimi nachomelea mageti. Nyumba yetu haijui kimya. Kisha nimonia ikamlaza kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Siku kumi na mbili alipumuliwa na mashine. Walipomtoa mpira wa hewa kooni, alikuwa mifupa na macho. Hata kijiko kilimshinda kushika.

Niliogopa. Kila alipousogeza mguu, niliukandamiza. "Tulia, mama watoto. Utamaliza nguvu zako."

Asubuhi moja alikuja mtaalamu wa mazoezi, binti mchangamfu. Alibeba pedali ndogo na miwani minene iliyoziba macho yote.

"Ndani ya miwani ataona njia ya bustanini," alisema. "Akikanyaga pedali, njia inasogea."

"Kukaa hawezi, wewe unataka kumtembeza?"

"Ndiyo maana nimekuja, baba. Mtu akilala tu, misuli yake inakwisha kila siku. Mazoezi yanairudisha. Lakini kukanyaga huku unatazama dari kunachosha roho. Bustani itamtia hamu."

"Na ikimzidia?"

"Daktari ameruhusu. Tunaanza na dakika tano. Muuguzi anaangalia moyo na pumzi. Akisikia kizunguzungu au kichefuchefu, tunaacha palepale."

Mke wangu aliitikia kwa kichwa. Akavalishwa miwani, pedali ikawekwa miguuni pake. Miguu ikaanza kuzunguka, pole pole. Dakika ya pili akaanza kuhema. Jasho likamtoka. Mimi likanitoka zaidi. Nikaudaka mkono wake kwa nguvu.

Papo hapo mashine ya vipimo ikalia. Mstari kwenye skrini ukalala.

"Amekufa!" nilipiga yowe. "Mmeniulia mke!"

"Nani amekufa?" iliuliza sauti yenye mikwaruzo chini ya miwani. Miguu bado inakanyaga.

Muuguzi aliinama, akaokota kibanio sakafuni. "Hiki hukaa kidoleni, kinapima hewa kwenye damu. Umekichomoa wewe, baba." Akakirudisha. Mashine ikanyamaza. Mimi nikatamani kuingia chini ya kitanda.

"Njoo, nikupe kazi," alisema binti. "Mhesabie dakika. Miguu mwachie mwenyewe."

Nikahesabu. Siku ya tatu aliketi ukingoni mwa kitanda. Siku ya tisa alisimama, tumemshika huku na huku. Baadaye akaruhusiwa kurudi nyumbani, na orodha ya mazoezi mkononi.

Lakini hofu haina adabu. Ilinifuata hadi nyumbani. Juzi nilimkuta anavuka uwanja wa nyumba peke yake, anaelekea kwenye cherehani yake. Magoti yanamtetemeka.

"Rudi ukalale!" nilifoka. "Ukianguka je?"

Alisimama, akashika ukuta, akanitazama.

"Nikianguka utaniinua. Nikilala utanizika. Chagua."