Maumivu Yanayoisha Ukilala

Mwaka 2003, Theopista aliishi Marangu na mumewe Wenseslaus, watoto wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe hakutoka zizini. Kila siku Theopista alishuka tambarare kukata majani, akapanda nayo kichwani.

Tangu azae mtoto wa nne, tumbo la chini lilimuuma. Asubuhi alikuwa hajambo. Akibeba mzigo, tumbo lilikuwa zito na kuvuta. Akilala kidogo, alipata nafuu. Na hiyo nafuu ndiyo iliyomponza.

"Ugonjwa gani huo unaoisha ukilala?" alisema mama mkwe wake, Dominika. "Huo ni uvivu! Pasaka ikipita, ng'ombe wangu anahamia kwa Hilda."

Hilda alikuwa mke wa shemeji yake. Theopista alilia. Watoto wake wangekunywa nini?

Alikwenda hospitali, Moshi mjini. Walimpima kwa ultrasaundi akiwa amelala. Hawakuona kitu.

"Si nilisema?" Dominika alicheka.

Jirani yao Flavia alikuwa muuguzi katika hospitali hiyo. Alimuuliza Theopista, "Maumivu yanakuja lini hasa?"

"Nikisimama sana. Siku zangu zikikaribia. Na nikishalala na baba watoto."

"Daktari ulimwambia?"

"Nilisema tumbo tu. Niliona aibu."

"Jamani, Theopista! Atajuaje? Rudi, mwambie yote."

Alirudi, akasema yote. Safari hii daktari alimpima pia akiwa amesimama.

"Mishipa ya damu karibu na kizazi imetanuka," daktari alieleza. "Ina milango midogo inayozuia damu isirudi chini. Uzazi mwingi huilegeza. Ukisimama, damu inajaa, unaumia. Ukilala, inapungua. Si saratani, wala si uvivu."

Alimpa dawa, akamkataza mizigo mizito. Dawa zikishindwa, alisema, mshipa mbovu unaweza kuzibwa.

Wenseslaus alianza kubeba majani mwenyewe. Wanaume wenzake walimcheka wiki mbili, wakachoka. Baada ya miezi mitatu, Theopista alipika na kukamua bila kujikunja.

Pasaka ilikuwa imepita, na Dominika hakuja kumchukua ng'ombe. Siku moja alikuja na kuketi jikoni. Akasema, "Mimi nami, tumbo likivuta, nilikuwa nalala kihambani, shamba la nyumbani, nyuma ya migomba, mama mkwe wangu asinione. Miaka ishirini."

Theopista alimmiminia maziwa.

"Mama, Jumatatu Flavia yuko zamu. Twende wote."