Aliyetulia Ngazini

Mlinzi wa mnara wa kuongozea meli alitafuta ufunguo huku akinicheka.

"Mwalimu, ngazi nazo zinapigwa picha? Zinaolewa lini?"

"Ni za kitabu cha wanafunzi wangu, mzee. Nikiingia, tafadhali funga mlango. Mwanga wa nje utaniharibia picha."

Aliacha kucheka. "Nikifunga, kitasa hiki hakifunguki kwa ndani."

"Dakika tano tu."

Jua lilikuwa linazama. Kitasa kikalia, nikabaki na giza, mwanga hafifu wa kidirisha cha juu, na harufu ya chumvi na mafuta ya taa ya zamani. Niliisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikaacha lenzi wazi kwa nusu dakika. Nieleze taratibu: ukipiga picha namna hiyo, anayetembea haonekani kabisa. Aliyeketi huonekana kama moshi, kwa sababu kifua chake hupanda na kushuka.

Nikatazama kioo cha kamera.

Kwenye ngazi ya tatu alikuwa ameketi mtu. Hakuwa kama moshi. Niliweza kuhesabu vifungo vya koti lake.

Nikainua macho. Ngazi tupu.

Niliuendea mlango kinyumenyume, nikagonga. "Mzee... fungua."

Ufunguo haukuzunguka. Akanong'ona kutoka upande wa pili: "Mko wangapi?"

"Niko peke yangu. Si umenifungia mwenyewe?"

"Tangu mtunza taa afungiwe humo akasahauliwa, nauliza kwanza. Mko wangapi?"

Nikafungua mdomo kujibu. Sauti ikatoka nyuma ya sikio langu, taratibu.

"Wawili."

Ilikuwa sauti yangu.

Nilisikia mkono wa mzee ukiondoka kwenye kitasa.

"Usiniache," nikalia. "Baba yangu, usiniache humu."

Nikasikia mkono ukirudi kitasani.

"Atatoka mmoja," alisema mwishowe. "Sifungui mara mbili."

Mlango ukafunguka upana wa bega. Kitu cha baridi kikanishika kiwiko. Nikajichomoa, nikaangukia nje mchangani, kamera nimeiacha. Kitasa kikalia.

Ndani, mwanamke mwenye sauti yangu akaanza kugonga.

"Mzee, umekosea. Mwalimu ni mimi. Bado nimo humu."

Mzee hakugeuka. Alinimulika kwa kurunzi usoni, kisha miguuni.

"Ni mimi," nikasema.

"Hata yeye anasema hivyo."

Akanionyesha njia ya kwenda barabarani. Nikamngoja atangulie, maana yeye ndiye mwenyeji.

"Tangulia wewe," alisema. "Mimi sikupi mgongo."