Bawa la Pili la Popo

Yalimpata rafiki yangu mmoja, mfumaji wa midoli ya uzi, na huyo si mtu wa porojo. Dada yake alifariki akimfumia bintiye popo wa kwenye katuni waliyoipenda. Popo akabaki na bawa moja.

Jioni moja mtoto akalia, "Mama mdogo, si ummalizie tu?"

Rafiki yangu akafuma bawa la pili. Halikufanana na la kwanza, maana marehemu alifuma kwa mkono wa kushoto na mishono yake iliinamia upande wa pili.

"Potelea mbali," akanong'ona. "Hataona."

Umeme ukakatika. Gizani akasikia uzi ukifumuliwa, kru, kru, kru.

"We mtoto, acha kuchezea uzi!"

"Si nimekushika gauni, Mama mdogo?" Na kweli, alikuwa amemng'ang'ania.

Sauti ikanyamaza. Halafu sindano ikaanza kugonga meza, taratibu, kama ya mtu anayefuma.

Umeme uliporudi, bawa alilofuma yeye lilikuwa limefumuliwa lote. Jipya lilikuwa limefika nusu, mishono imeinamia upande wa marehemu. Sindano ilikuwa bado imo kwenye kitanzi cha mwisho, na kile kitanzi kilikuwa kikiendelea kukazwa, polepole.