Pazia la Mzee Halvor

Kila alipoamka, Marit aligusa ukuta kwanza. Ukiwa na unyevu tu, siku ilikuwa na nafuu. Ukiwa na barafu, nje baridi imechacha. Asubuhi hiyo barafu ilikuwa imepanda kutoka kwenye godoro hadi dirishani, na pembe ya blanketi ilikuwa imegandana nayo. Aliibandua taratibu, akavaa soksi nyingine juu ya zile alizolala nazo, kisha akaenda kutazama bomba la jikoni. Lilikuwa bado linadondoka. Alishusha pumzi, maana katika trela bomba likiacha kudondoka wakati wa baridi, maji yameganda, na siku nzima itakwisha mkihangaika na mipira ya maji.

Mama yake alikuwa ameondoka kabla hakujapambazuka kwenda kazini kwenye duka la mikate. Baba alikuwa mbali akitengeneza reli, na hurudi mwisho wa juma. Juu ya jiko kulikuwa na uji wa shayiri uliofunikwa. Marit alikula akiwa amesimama, karibu na hita.

Zamani walikuwa na nyumba ya kweli, nje kidogo ya mji wa Havre, yenye ngazi na chumba chake mwenyewe. Moto wa nyika wa mwezi wa Septemba ukaipitia mchana mmoja, ikabaki dohani tu. Wakanunua trela kuukuu, ile ya kuvutwa nyuma ya gari ambayo wenye nacho huenda nayo likizo wakati wa kiangazi, wakaiegesha kwenye kiwanja cha trela chini ya mji. Baba alisema ni kwa muda. Theluji ikaanguka, na bado walikuwa humo.

Aliyewafundisha kuishi humo ni Mzee Halvor, jirani yao wa upande wa nyuma. Yeye ndiye aliyewaonyesha namna ya kupanga marobota ya majani makavu kuzunguka trela ili upepo usipite chini, na kuacha upenyo kidogo kwenye dari hata kama baridi inauma, ili hewa ya gesi isije ikawaua usingizini. Mzee alikuwa na maneno mengi na meno machache.

"Bibie, hujazaliwa kuwa samaki wa kwenye friji," alimwambia Marit siku ya kwanza. "Njoo kwangu nikukaangie mkate wa viazi upate joto."

Kiwanjani pale kulikuwa na desturi moja. Majira ya baridi watu hujifungia, na mtu anaweza kuanguka ndani asijulikane. Kwa hiyo kila dirisha lilikuwa na mtu wake wa kulitazama. Ukiamka mzima, unapandisha pazia. Mwenzako akipita asubuhi akaona pazia liko juu, anakwenda zake. Akiona liko chini, anabisha. Dirisha la Mzee Halvor lilitazama barabara ya nyuma, na hakuna aliyeliona kutoka kiwanjani. Mwenye kulitazama alikuwa Marit, kwa sababu alipita pale akienda kupanda basi la shule.

Mwanzoni aliifanya kazi hiyo kwa furaha. Mzee akimwona humkunjia ngumi dirishani, naye Marit humtolea ulimi. Kisha shule ilipofunguliwa baada ya Krismasi, mambo yakageuka.

Baada ya ule moto, kanisa lilikuwa limegawa nguo, na Marit alikuwa amevaa koti la mtu mwingine kwa miezi. Alichoka kuonewa huruma. Siku rafiki yake Kaylin alipomuuliza, "Hivi nyinyi bado mko kwenye ile trela?" alijikuta akijibu haraka, "Aa, tulishahama. Tuna nyumba kule juu, karibu na maktaba."

Ili uongo huo usimuumbue, ilibidi apandie basi kule juu. Akawa anapenya kwenye tundu la uzio wa mbele, anakwea kilima, na anasimama mbele ya nyumba za watu kana kwamba ametoka mojawapo. Njia hiyo haikupita kwa Mzee Halvor. Asubuhi nyingine alijilazimisha kuzunguka nyuma kwanza. Asubuhi nyingine alichelewa, akaona haya, akaacha.

Jioni ya siku ile barafu ilipofika dirishani, mama yake aliuliza kama kawaida huku akivua viatu. "Pazia la mzee limepanda leo?"

Marit hakuwa amekanyaga kule. "Limepanda," alisema.

"Haya, afadhali. Maana leo kuna baridi ya kuua mtu."

Marit aliinamia kitabu chake. Neno lile lilimchoma, lakini alijiambia kwamba mzee ni mzima tu. Alikuwa mzima kila siku. Kwa nini leo asiwe?

Kesho yake asubuhi akapenya tena kwenye uzio.

Mchana theluji ilimwagika hata shule ikafungwa mapema. Basi lilishindwa kupanda kilima. Dereva aligeuza, akasema wote wa juu watashukia barabara ya chini, nyuma ya kiwanja cha trela, na wazazi watawafuata hapo. Marit aliruka chini wa kwanza.

"We, Marit! Unakwenda wapi huko kwenye matrela?" Kaylin alimwita.

"Kuna mtu namwangalia," alijibu bila kugeuka. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa amesema kweli, japo bila kukusudia.

Alifika mbele ya dirisha akasimama. Pazia lilikuwa chini. Mlangoni theluji ilikuwa imekaa laini kabisa juu ya ngazi, bila alama ya kiatu. Bomba la hita, ambalo siku zote lilipumua moshi mweupe, lilikuwa kimya.

"Babu!" Alibisha. "Babu Halvor, ni mimi!"

Alivuta mlango, ulikuwa umeganda. Alivuta tena kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akavuta huku analia, barafu ikavunjika.

Ndani kulikuwa na baridi kama nje. Mzee Halvor alikuwa amelala sakafuni kati ya meza na kitanda, mguu mmoja umepinda vibaya, blanketi nusu limemfunika. Gesi ilikuwa imekwisha. Macho yake yalifunguka kidogo.

"Umechelewa basi?" alinong'ona. Kisha hakusema tena neno la maana.

Marit alimrundikia kila kitambaa alichokiona, akapiga simu ya dharura, akampigia na mama yake. Ambulensi ilikuja ikiyumba kwenye theluji. Watu wa kiwanja wakatoka kwenye trela zao, wakamzunguka Marit, mmoja akamvisha koti lake.

"Umemwokoa mzee, mtoto we! Mungu akubariki," walimwambia. "Wangapi wangepita tu?"

Kila sifa ilimwingia Marit kama sindano, na hakuwa na ujasiri wa kuwaambia wanyamaze.

Hospitalini mama yake alifika na unga bado uko kwenye mikono ya sweta. Daktari aliwatokea mlangoni, mwanamke mfupi mwenye haraka, jina lake Daktari Salois.

"Nani anamfahamu huyu mzee? Nyonga imevunjika, na miguu imeungua kwa baridi. Ninalotaka kujua ni hili, amelala pale chini kwa muda gani? Yeye amechanganyikiwa, hawezi kunieleza."

"Tangu leo asubuhi, daktari," mama alijibu bila kusita. "Hawezi kuwa ameanguka kabla ya hapo. Jana pazia lake lilipanda. Binti yangu hulitazama kila asubuhi, na leo angelikuta chini angebisha."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa. Marit?"

Wote wawili wakamgeukia. Akinyamaza tu, hata neno halihitajiki. Mama ameshasema. Kesho shule nzima itajua kwamba amemwokoa mtu, na hakuna atakayemuuliza tena juu ya nyumba karibu na maktaba. Mzee mwenyewe hakumbuki. Alitazama mikono ya mama yake yenye unga, akatamani kufa.

"Muda una maana gani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Daktari alimtazama vizuri. "Mtu akilala upande mmoja juu ya sakafu kwa muda mrefu, nyama yake huanza kufa, na sumu yake huenda kwenye figo. Ikiwa ni saa chache, namtibu hivi. Ikiwa ni tangu jana, namtibu vingine, na inabidi nianze sasa hivi. Vipimo vitaniambia, lakini vitachelewa."

"Sikulitazama," Marit alisema. "Jana sikulitazama. Wala leo asubuhi. Nilidanganya."

"Mara ya mwisho ulimwona lini akiwa mzima?" daktari aliuliza, na sauti yake haikuwa na hasira wala upole, ilikuwa na haraka tu.

"Juzi asubuhi. Alinikunjia ngumi."

Daktari aligeuka na kukimbia, kweli alikimbia, akiita wauguzi kwa majina. Mlango ukajifunga. Marit alikaa kwenye kiti akajifunika uso. Alisubiri mama amkemee. Mama hakumkemea. Alikaa kando yake akalia kimya, na hilo lilikuwa baya kuliko kukemewa.

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza baadaye.

"Sikutaka wajue tunakaa kwenye trela."

Mama alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Na mimi sitaki kukaa humo. Kila siku nikirudi naona haya, unadhani sioni? Lakini haya hiyo ni yangu, naibeba mwenyewe. Wewe ya kwako umembebesha mzee."

Mzee Halvor hakufa. Figo zake ziliyumba, zikarudi. Nyonga wakaifunga kwa chuma. Lakini mguu wa kushoto haukufaa tena, wakaukata juu ya kifundo.

Marit alirudi shuleni akiwa na neno moja kooni, akalitoa kabla halijapoa. Alimwambia Kaylin mbele ya wengine kwamba anaishi kwenye trela, kwamba nyumba karibu na maktaba haikuwapo, na kwamba hakumwokoa mtu bali nusura amuue. Wapo waliocheka. Mmoja akamwita malkia wa matrela, na jina likakaa naye majuma kadhaa. Kaylin hakucheka, lakini alikasirika kudanganywa, na ilimchukua muda kumsogelea tena. Yote hayo Marit aliyapokea bila kujitetea.

Siku ya kumuaga mzee hospitalini ilikuwa na jua, theluji ikidondoka matone kutoka mapaani. Binti yake, Signe, alikuwa amekuja kumchukua akaishi naye katika mji wa Billings. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amenyolewa ndevu, amekuwa mdogo.

"Bibie," alisema.

"Nisamehe, babu." Marit alikuwa ameandaa maneno mengi. Hayo tu ndiyo yaliyotoka.

"Nimekusamehe," mzee alisema. "Lakini sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Mguu umekwenda. Trela yangu walikuja kuivuta jana. Nilitaka kumalizia siku zangu mle, na sasa nitakuwa mgeni kwenye nyumba ya mkwe wangu, nikiomba ruhusa ya kukaanga mkate. Nilie machozi ya nani, kama si yangu?"

Signe alimgusa bega. Mzee aliupigapiga mkono wake, kisha akaendelea.

"Daktari ameniambia na jambo la pili. Amesema usingesema kweli pale mlangoni, leo wangekuwa wameshanizika. Kwa hiyo ni wewe uliyeniacha sakafuni, na ni wewe uliyenitoa. Usiache kulikumbuka la kwanza, wala usilisahau la pili. Kiwanjani kwetu hatuna kuta nene, Marit. Tunacho kitu kimoja tu, neno la jirani. Mtu akiambiwa pazia limepanda, analala usingizi. Basi ukisema jambo, liwe kweli, hata kama linakuaibisha. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Ndiyo, babu."

"Haya, nisukume hadi kwenye gari. Huyu Signe anakimbia kama anawahi mnada."

Marit alishika kiti akamsukuma polepole kwenye ujia mrefu. Mlangoni upepo uliinua blanketi la mzee, na Marit akainama kulichomeka pembeni. Upande wa kulia lilizunguka kiatu. Upande wa kushoto lililala bapa, hakukuwa na kitu cha kuzungushia. Mikono yake ilisita, machozi yakamshuka, lakini hakugeuza uso. Alilikunja blanketi vizuri, akalichomeka hapohapo, ili baridi isiingie.