Marahaba Gizani

"Kata."

Neno moja tu. Shangazi alilisema huku akijifanya anakohoa kiganjani, mlango wa lifti ukiwa ndio kwanza umejifunga.

Ndani ya gari lililoegeshwa nje, Mjomba alibonyeza kitufe cha kukata umeme. Taa zikazimika. Lifti ikashtuka, ikaning'inia katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne.

Giza.

Watu watatu ndani ya sanduku la chuma. Mmoja wao jasusi. Mmoja wao mwindaji wa watoto. Na jasusi hakujua ni yupi.

Ofisini kwao kila mtu alikuwa ndugu wa mwenzake: Mjomba, Binamu, Shangazi. Majina ya kazi. Humu jengoni Shangazi alikuwa fundi cherehani tu, aliyekuja kurekebisha mavazi ya kikundi cha maigizo cha watoto. Futi ya kupimia nguo shingoni, mfuko wa vitambaa begani. Chini ya vitambaa ilikuwamo bastola, Beretta, ambayo leo isingemfaa kitu.

"Umeme tena!" alifoka Kipara, mpiga picha. "Mama fundi, sindano zako zisinichome humu."

"Tulia basi, zitakukosa."

"Msiogope, ndugu zangu." Sauti laini hii ilikuwa ya mlezi wa kikundi. Watoto walimwita Anko Tabasamu. "Watarudisha sasa hivi. Mama, umesimama vizuri? Egemea hapa."

Simu mbili ziliwaka. Nyuso mbili zikatokea gizani. Wote wawili walikuwa na spika za masikioni, kwa kuwa ndivyo walivyowasiliana na watu wa jukwaani.

Hewa ilianza kuwa nzito.

Kwenye kikundi cha simu cha watoto hao aliingia mtu aliyejiita Chipukizi. Eti ana miaka kumi na mitatu. Taratibu, kwa maneno matamu, alimshawishi msichana mpiga ngoma amtumie picha. Mtoto wa watu akatuma. Tangu siku hiyo alikuwa ndani ya tundu, na Chipukizi ndiye mwenye ufunguo.

Ujumbe wa leo ulikuwa mfupi. *Saa kumi, stoo ya ghorofa ya tano, peke yako. Usipokuja, kikundi kizima kitaiona.*

Lakini msichana hakuja. Alimweleza mama yake, na mama akawatafuta akina Mjomba. Ndipo mawimbi ya simu ya Chipukizi yakawaleta hadi kwenye lifti hii.

"Saa kumi inakaribia," Mjomba alinong'ona kutoka garini, kupitia kispika kilichofichwa sikioni mwa Shangazi. "Simu ni mojawapo ya hizo mbili. Ukimkaba asiye yeye, mwenyewe anaituma picha."

Kitufe kimoja tu, na mtoto angeaibishwa mbele ya rafiki zake wote.

Shangazi alimkumbuka yule msichana, amekaa ukingoni mwa kiti jikoni kwao, macho sakafuni, akisema:

"Yule si mtoto, Shangazi. Nilimwandikia shikamoo kwa utani, akanijibu marahaba. Sasa mtoto gani anaitikia marahaba?"

Shangazi akainua simu yake.

"Haloo, Mjomba? Nimekwama kwenye lifti, mwenzio. Binamu yupo? Mwambie asalimie. Kwa sauti, kama mtoto mwenye adabu."

"Nimekuelewa," Mjomba akajibu.

Binamu, aliyekaa garini kando ya Mjomba, alikuwa na ndevu za kujaza kiganja na sauti ya mtoto wa chekechea. Ofisini walimcheka kila siku. Leo hakucheka mtu. Aliishika simu ya msichana, waliyopewa na mama yake, akarekodi: "Nipo kwenye ngazi, nakuja. Nimekuja na mdogo wangu, anakusalimia." Akaibana sauti zaidi. "Shikamoo!"

Akatuma.

Kwenye lifti, Kipara alikuwa akiperuzi picha zake na kusonya. Anko Tabasamu aligusa kioo cha simu. Akasikiliza.

"Marahaba," akasema.

Kwa upole. Kwa heshima.

Hakuna aliyekuwa amemwamkia.

Kipara aliinua kichwa. "Unamwitikia nani?"

Tabasamu likanyauka. Kidole gumba kikakimbilia kitufe.

Futi ilitoka shingoni kama nyoka. Ikazunguka kifundo cha mkono. Shangazi akavuta, mkono ukapinda, simu ikaangukia vitambaani.

"Kipara! Ishike! Gusagusa kioo, isijifunge!"

"Hivi?" Kipara akaendelea kugusa.

Bega la Anko liligonga chuma. "Mama, taratibu. Hebu tuongee kama watu wazima."

"Wewe si una miaka kumi na mitatu?"

Taa zikawaka. Lifti ikashuka hadi chini, mlango ukafunguka, na Mjomba alikuwa pale na askari wawili. Picha haikuwa imetumwa. Simu ilikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na picha za watoto wengine ambao jioni ile ile wangetafutwa, waambiwe kwamba tundu limevunjwa.

Shangazi alimpigia simu mama wa msichana, akaomba kuongea na binti yake.

"Haikwenda popote, mwanangu."

Msichana akashusha pumzi. "Ni kosa langu?"

"La. Ulidanganywa, halafu ukasema. Neno lako ndilo lililomnasa."

"Naweza kurudi kwenye ngoma?"

"Kwani nani mwingine atazipiga?"

Alikata simu, akakunja futi, akaitundika shingoni.

"We mama!" Kipara aliita nyuma yake, bado anahema. "Kweli wewe ni fundi cherehani?"

Shangazi hakugeuka.

"Kabisa. Kazi yangu ni vifungo."